Spika za Mwanangu (6): Mpya Zaidi

Mama mwenzangu, kama una mtoto wa kiume na anapenda muziki, weka kikombe chini usome hii mpaka mwisho. Mimi shule niliishia darasa la saba nikaenda kukanda unga, kwa hiyo maneno makubwa usiyatafute hapa. Ninaandika ili yaliyonikuta yasikukute.

Kwa aliyekosa Jumamosi iliyopita: mwanangu Troels ana miaka thelathini na minne. Tangu amalize shule amekaa kwenye chumba cha chini ya nyumba yangu hapa mjini Tønder, yeye na waya zake. Nimepeleka chakula kule chini mpaka magoti yangu yanajua kila ngazi kwa jina.

Mwaka huu Mungu akamwona. Akapata mchumba, Maiken, mwalimu wa chekechea, binti mwenye mikono ya kazi na kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Wakapanga nyumba ndogo, orofa ya tatu. Nilifagia kile chumba cha chini mara mbili kwa siku moja, kwa furaha.

Halafu wakagombania spika.

Wasikudanganye kwamba waligombania aina. Aina walikubaliana. Kiwanda kimoja, umbo moja, mbao ileile, ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Ugomvi ulikuwa mmoja tu: zinunuliwe mpya au zilizotumika?

"Mimi siwezi kusikiliza spika iliyozoeshwa na mtu mwingine," alisema Troels. "Ni kama kutumia mswaki wa jirani."

"Na mimi hakiingii kitu cha kiwandani kwangu," alisema Maiken. Huyu binti hata viatu vyake vilishavaliwa na watu wawili kabla yake, na anajua majina yao. "Dunia imejaa vitu, Troels. Tunatengeneza vingine vya nini?"

"Zikiwa za mtumba, narudi chini kwa Mama."

"Zikiwa mpya, mimi siingii hiyo nyumba."

Tuliishia pale Maiken ameshavaa koti, mkono uko kwenye kitasa. Nami, kwa woga wa kile chumba kujaa tena, nikaropoka: "Nanunua mimi! Zawadi yangu ya kuhamia. Ila mtu asiniulize nimechagua vipi."

Wakatazamana. Wakakubali. Kila mmoja alidhani Mama yuko upande wake.

Basi nikaenda dukani kwanza.

Muuzaji alikuwa kijana wa fulana nyeusi, anaongea taratibu kama yuko kwenye maziko. Akaniketisha kwenye kiti kimoja katikati ya chumba.

"Usisogee, mama. Ukisogea kidogo tu, picha ya muziki inaharibika."

Nikakaa kama napigwa picha ya pasipoti. Akaweka santuri ya mwanamke anayeimba.

"Unasikia anavyomeza mate?"

"Nasikia. Anaumwa?"

"Hapana, mama. Huo ndio ubora."

Kisha akanitajia bei. Hapo nikasikia mate yangu mwenyewe.

"Na usishangae mwanzoni zikiwa ngumu," akaongeza. "Zinahitaji kama saa mia mbili za kuzoea."

"Kuzoea nini?"

"Kupiga muziki."

"Kwani kule kiwandani waliziambia zitafanya kazi gani?"

Hakucheka. Watu hawa hawacheki. Nikamshukuru kwa kahawa nikatoka.

Nyumbani nikafungua gazeti la matangazo, na hapo ndipo nilipolikuta lile neno. Sikiliza vizuri, maana ndilo lililotuua.

Kwenye matangazo yetu, kitu kikiandikwa "kipya" ujue ni kipya. Kikiandikwa "kipya zaidi" ujue kishatumika, ila si cha enzi za bibi. Yaani kwetu kipya zaidi ni kizee kuliko kipya. Usiniulize nani alitunga. Nimezaliwa nikalikuta hivyo, nimenunua kabati jipya zaidi, baiskeli mpya zaidi, na mume wangu marehemu alinunua gari jipya zaidi likazimika siku ya kwanza.

Tangazo lilisema: "Spika mpya zaidi, mwenyewe nahamia chumba kidogo. Njoo usikilize. Kahawa ipo." Jina la spika lilikuwa lilelile.

Mwenye tangazo alikuwa mzee Thyge, mfugaji wa kondoo kule nyandani karibu na Højer, mjane, masharubu kama ufagio. Akanipa tochi.

"Piga magoti, bibi. Mulika ule mpira unaozunguka ngozi ya spika. Ukiuona umepasuka kama kisigino cha mkulima, simama uondoke hata kama mwenyewe ni kasisi."

Nikamulika. Haukuwa umepasuka.

"Sasa gusa kwa kidole. Polepole. Polepole! Hiyo si kengele ya mlango."

Nikagusa. Ikaingia, ikarudi, laini kama shavu la mtoto.

"Vizuri. Sasa niulize mimi. Nani atakaa mbele ya hizi?"

"Mwanangu na mchumba wake. Wakizikubali."

"Watakaa kweli? Simuuzii mtu wa kuzipiga huku anafyonza vumbi kwa mashine."

"Mwanangu amekaa miaka kumi na mitano, mzee. Shida yangu ni kumwinua."

Akacheka mpaka masharubu yakamwingia kinywani. Nikampenda papo hapo. Tukapatana bei bila ugomvi, akaenda bandani akaleta hata maboksi yake ya asili. Halafu akashika kidevu.

"Kuna jambo moja tu uambiwe. Kuhusu hii ya kushoto."

Mama mwenzangu, hapa ndipo nilipokosea. Nikainua mkono kama askari wa barabarani.

"Mzee, usiniambie."

"Lakini ni haki yako kujua."

"Haki yangu ni kumwona mwanangu akioa. Nisichokijua sitakuwa na cha kuficha. Imeharibika?"

"Haikuharibika. Yaani sasa haijaharibika. Ila..."

"Basi. Yatosha. Nisaidie kuzifunga mikanda."

Tukazikalisha kiti cha nyuma cha gari langu, moja moja, na mikanda. Kabla sijaondoka, simu ikalia mara mbili. Troels: "Mama, umepata?" Maiken: "Mama Jytte, umepata?"

Nikawaandikia wote wawili ujumbe mmoja, maneno yaleyale: "Nimepata. Ni mpya zaidi."

Troels akajibu: "Mpya zaidi?! Kumbe wameshatoa toleo jipya zaidi ya lile la dukani! Mama, hujawahi kunielewa hivi."

Maiken akajibu: "Mpya zaidi! Ee, lugha ya matangazo naijua mimi. Ahsante kwa kunisikia, Mama Jytte."

Nikakaa pale barabarani, kondoo wananitazama. Sijasema uongo hata mmoja. Nikawasha gari.

Kilichofuata, nakiri, kilikuwa uongo. Nilifunga yale maboksi upya kwa tepu, nikaipiga pasi kwa kijiko ili ionekane ya kiwandani.

Siku ya kuhamia Troels alifika wa kwanza. Akapiga magoti mbele ya boksi, akachana tepu kwa kisu kidogo kama daktari wa upasuaji, akaingiza kichwa chote ndani, akavuta pumzi.

"Aaah! Harufu ya kiwanda!"

Ilikuwa harufu ya kondoo.

Akazitoa, akazisimamisha. Na hapo, mwanga wa dirisha ulipopiga, nikaiona. Juu ya spika ya kulia palikuwa na duara. Alama ya kikombe cha kahawa, nzuri kabisa, imekolea kwenye mbao kama muhuri wa ofisi.

Troels alikuwa ameinama anatafuta waya. Nikanyakua chungu cha maua dirishani nikakibandika juu ya duara.

Akainuka.

"Mama! Maua juu ya spika?"

"Ni mazuri."

"Yana maji!"

"Ni ya plastiki."

"Plastiki inatetemeka! Utaisikia inatetemeka kwenye besi!"

"Basi usisikilize besi leo. Nenda kachukue waya garini."

Akashuka. Mlango wa chini ukalia, na Maiken akawa anapanda na sanduku la vyombo. Nikaondoa chungu.

Akaliona duara kabla hajatua sanduku. Akalipapasa kwa kidole, machozi yakamlengalenga, sitanii.

"Mtu alikunywa kahawa hapa," alisema. "Mtu aliishi na hii. Unaona, Mama Jytte? Kitu kina maisha."

"Naona, mwanangu."

Hatua za Troels ngazini. Nikarudisha chungu.

"Kwa nini unakifunika?" akauliza Maiken.

"Jua. Jua linafifisha."

"Nje inanyesha."

"Ndiyo maana nimewahi."

Troels akaingia, akakitazama chungu kwa chuki. Maiken akaenda jikoni, Troels akakishika akiondoe, mimi nikakikandamiza, Maiken akatoka jikoni, mimi nikakiondoa, Troels akageuka. Nikajikuta nimekikumbatia katikati ya sebule kama mtu anayetaka kucheza nacho dansi.

"Mama," alisema Troels, "unaumwa?"

"Nakitafutia mahali."

Nikakirudisha juu ya duara nikakaa karibu yake, nikaweka mkono, kama mtu aliyekutana na rafiki.

Wakaunganisha waya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Wakaweka muziki. Wakafumba macho.

"Bado zimebana," alisema Troels, anatabasamu kama bwana harusi. "Hasa ya kushoto. Sikia ilivyo ngumu. Saa mia mbili hizo, Maiken. Tuwe na subira."

"Mimi naisikia ya kulia," alisema Maiken. "Sikia ilivyotulia. Haiharakishi. Ina utu uzima."

"Kabisa," nikasema. Nilikuwa nawacheka moyoni, naapa. Nilidhani kila mmoja anasikia anachotaka kusikia. Jambo la kunifedhehesha ni kwamba wale watoto walikuwa na masikio, na mjinga pale sebuleni alikuwa mmoja tu, ameshika chungu cha plastiki.

Jumapili ikaja kahawa ya kukaribisha nyumba.

Huku kusini kwetu kahawa ya heshima ina keki laini saba na biskuti kavu saba. Mgeni anaonja zote. Akiruka hata moja, amemtukana aliyeoka, na atasemwa mpaka kaburini. Nilioka siku mbili. Keki ya mkate mweusi na krimu ilikuwa ndefu kiasi kwamba Troels aliisogeza ili isizuie sauti.

Tulikuwa watatu tu. Tumemimina kahawa. Kengele ikalia.

Maiken akafungua. Mlangoni amesimama mzee Thyge, suti ya kanisani, kikopo mkononi.

"Samahani, bibi, jirani yako amenielekeza huku," akaniambia kwa mbali. "Nilisahau kukupa vile vijimiguu vya chuma vya chini yake. Bila hivyo zinaongea na sakafu."

Jirani wa chini angekwambia alisikia moyo wangu.

"Huyu ni mzee Thyge," nikasema.

"Wa dukani?" akauliza Troels.

"Mwenye spika?" akauliza Maiken, wakati uleule.

"Ndiyo," nikasema.

Wote wawili wakaridhika.

"Karibu mezani, mzee," nikamwambia, nikamkalisha kwa mabega kabla hajatoa pumzi. "Huku tunaanza na hii ya maziwa na mdalasini."

"Ahsante. Nilitaka tu kusema kuhusu ile ya..."

"Onja kwanza."

Akaonja. Ndipo nikaiona njia. Keki laini saba, biskuti kavu saba. Kumi na nne. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kukataa na hawezi kusema huku anatafuna. Nikasogeza sinia zote upande wangu kama mcheza karata.

"Mzee," alisema Troels, macho yanang'aa, "saa mia mbili zinatosha kweli, au niende mia tatu?"

Thyge akameza. "Kijana, inategemea unasema ipi, maana ile..."

"Ya tufaha hii!" nikasema.

Akaonja ya tufaha.

"Na ulikaa nazo muda gani?" akauliza Maiken kwa upole.

"Nane," alisema Thyge, mdomo umejaa.

"Siku nane," Troels akanieleza. "Dukani hawazikalishi sana."

"Miaka nane," Maiken akaninong'oneza sikio la pili. "Umri mzuri huo."

Nikawaitikia wote kwa kichwa, kushoto na kulia, kama feni.

Keki ya tano. Ya sita. Thyge alianza kutoa jasho kwenye masharubu. Alipofika ya mkate mweusi akanitazama kwa macho ya kondoo anayenyolewa.

"Bibi, nina sukari."

"Kipande chembamba."

"Mama, mwache mzee wa watu apumue," alisema Troels.

"Ni desturi!"

"Ni desturi," Thyge akakubali kwa uchungu, akafungua mdomo.

Biskuti zikaenda haraka zaidi. Tatizo la biskuti ni kwamba hazina krimu, hazigandi kinywani. Nilijaribu kuzungumzia mvua. Nilijaribu kuzungumzia kasisi mpya. Kila nikivuta pumzi Thyge anaanza, "Ya kushoto," nami natupia nyingine. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu, ya tangawizi. Ya kumi na nne.

Nikanyoosha mkono kwenye sinia. Sinia ilikuwa tupu.

Laiti ningeoka kumi na tano.

Thyge akafuta masharubu kwa kitambaa, akakikunja, akakiweka.

"Ahsante kwa chakula. Sasa niseme kuhusu ya kushoto, maana mimi si mtu wa kuuza kitu kimyakimya. Mama yenu hakutaka kusikia. Nyinyi sikieni."

"Ina nini?" akauliza Troels.

"Nilikuwa nalea mwana-kondoo kwa chupa ndani ya nyumba, mama yake alimkataa. Dume. Jeuri. Siku moja nimeweka muziki wa tarumbeta. Sijui alidhani ni dume mwenzake ameingia sebuleni. Akarudi nyuma mpaka jikoni, akaja mbio na kichwa mbele, akaipiga ya kushoto katikati ya uso. Ngozi ya spika ikazama mpaka ndani. Pembe zilikuwa bado vijinundu tu, lakini alikuwa na nia."

Hakuna aliyetafuna.

"Kiwandani wakasema haitengenezeki. Wakaniletea nyingine, masika haya, ikiwa kwenye plastiki yake. Nimeipiga mara mbili tu. Kwa hiyo ya kulia ni ile yangu ya miaka nane, hata duara la kikombe changu liko pale, chini ya hayo maua. Na ya kushoto ni mpya kama yai."

Vichwa viwili vikanigeukia.

"Ya kulia ya mtumba?" alisema Troels.

"Ya kushoto ya kiwandani? Mwaka huu?" alisema Maiken.

"Mama, ulisema mpya zaidi!"

"Mama Jytte, ulisema mpya zaidi!"

"Nilisema," nikajibu. "Na ndivyo zilivyo. Moja mpya, na moja zaidi."

Thyge akapiga goti kwa kicheko. Na Maiken, Mungu ambariki, akaanza kutetemeka mabega, kisha kile kicheko chake kikatoka, madirisha yakalia. Troels akamtazama, akaanza na yeye.

"Nilisema ya kushoto imebana!" alisema. "Nilisema au sikusema?"

"Na mimi nilisema ya kulia ina utu uzima!"

"Kumbe tuna masikio!"

"Basi kila mtu ana yake," alisema Thyge. "Ndoa nyingi hazifiki hapo."

Mama mwenzangu, niliona harusi. Niliona gauni, lishavaliwa na watu wawili, sijali. Nilikiona kile chumba cha chini nimeweka cherehani yangu na pazia la maua. Nikamimina kahawa, hata tone halikumwagika.

Hapo mwanangu, kwa furaha tu, bila ubaya wowote, akafungua mdomo.

"Tena ni rahisi," alisema. "Kesho naagiza ya kulia moja mpya, zilingane."

Maiken akaweka kikombe.

"Na hii ya kulia?"

"Tutaiuza. Au tuiache chini kwenye ngazi, mtu ataiokota."

"Ina kosa gani?"

"Haina kosa. Ila imeshakuwa ya mtu."

Nikamkanyaga Troels chini ya meza. Kumbe niliyemkanyaga ni Thyge. Thyge akasema "Aa!" na Troels akaendelea.

"Si unajua, Maiken? Miaka nane na mtu mwingine. Imeshazoea mambo ya mtu mwingine. Hutaitoa hiyo."

Maiken hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mimi nilikaa miaka minne na mwenzangu kabla yako, Troels. Unamjua. Ulikula kwenye mazishi ya mama yake."

"Ee, lakini mimi nazungumzia..."

"Mimi pia ni mpya zaidi."

Akasimama. Akaenda kwenye spika ya kulia, akakitoa chungu cha maua akanipa mkononi, akachomoa waya, nyekundu, nyeusi. Ile spika ina kilo kama ishirini na kitu. Lakini huyu binti kila siku anabeba watoto wasiotaka kwenda nyumbani. Akaikumbatia kiunoni, akainyanyua, akavuta koti lake mlangoni, akatoka nayo.

"Maiken!" nikaita. "Mwanangu! Keki!"

Ni neno la kijinga, lakini ndilo lililokuja.

Troels alikuwa amekaa tu, anaitazama ile ya kushoto imesimama peke yake kama mtu aliyeachwa kituoni.

"Moja haina maana," alisema polepole. "Moja si chochote. Muziki haukai katikati."

"Basi kimbia, mjinga wewe!" nikamwambia.

Akakimbia. Mimi nyuma yake na kisu cha keki, Thyge nyuma yangu ameshika tumbo, keki na biskuti kumi na nne zinagongana ndani. Orofa ya pili Troels alikuwa ngazi sita nyuma ya Maiken. Nikamsikia anaita.

"Usiishike kwa mbele! Maiken! Shika ubavuni, vidole vitaingia!"

Nikapiga kichwa ukutani. "Troels! Jina lake! Ita jina lake tu!"

"Nimeita! Kwanza nimeita jina!"

Chini kabisa, Maiken akasukuma mlango kwa mgongo. Mvua inanyesha. Akasimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, spika kifuani, ameifunika kwa koti lake isilowe. Yeye nywele zimemganda usoni.

Troels akasimama ngazi ya mwisho, anahema.

Jirani wa chini akafungua mlango, akatuona, akafunga.

"Jibu moja tu," alisema Maiken. "Na usiangalie mama yako. Umenifuata mimi, au umeifuata hii?"

Nikashika nguzo ya ngazi. Miaka kumi na mitano ya sinia za chakula ilipita mbele ya macho yangu. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba lolote atakalosema huyu mtoto, lisianze na "inategemea".

Troels akavuta pumzi. Akamtazama Maiken usoni, vizuri, kama sekunde mbili nzima. Kisha tone moja kubwa la mvua likatiririka kutoka kwenye kola ya koti, likashuka juu ya mbao, na mimi mama yake niliyaona macho yake yanalifuata.

Akafungua mdomo. Alichosema, mama mwenzangu, nitakwambia Jumamosi ijayo.